Mpiga Ngoma wa Kisanduku cha Tatu

Jumanne asubuhi, saa nne kasorobo, Kwaruzo alikuwa mezani jikoni akitia wino ukurasa wake wa katuni wa wiki ile. Ukurasa ulitakiwa ufike gazetini saa kumi, na visanduku viwili vilikuwa bado penseli tupu. Mkono wa kulia kulikuwa na chupa ya wino mweusi, wa kushoto kitambaa cha kufutia nibu, na katikati alikuwa Bonge, mpiga ngoma, anaanguka ngazini katika kisanduku cha tatu, mikono juu, mdomo wazi, tumbo limetangulia.

Maziwa yakaanza kupanda kwenye sufuria. Kwaruzo alinyanyuka, akayaepua, akayapuliza povu, akarudi kukaa. Kisanduku cha tatu kilikuwa na ngazi tu. Bonge alikuwa amekaa juu ya ukingo wa sinki, miguu inaning'inia, anagonga bomba kwa vidole.

"Hukufunga mstari wa kushoto," Bonge akasema.

Kwaruzo akatazama, akakuta ni kweli. Mchora katuni mwenye akili zake hupiga rula kwanza, akavifunga visanduku vyote pande zote nne, ndipo akawatia wino watu. Yeye alikuwa na tabia ya kuwatia wino watu kwanza na kuiacha mistari ya mipaka mwisho, kwa sababu rula ilimchosha. Mhariri alikuwa amemwonya kwa miaka minane: funga visanduku kwanza, mama, utakuja kujuta. Kwaruzo alidhani ni suala la usafi wa kazi.

"Unanichafulia sinki," akasema, maana kila Bonge alipogonga palibaki nukta ya wino.

"Umezeeka."

"Na wewe umekufa."

"Hilo ndilo limenileta," Bonge akasema.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ileile aliyoiacha. Alikuwa mweusi na mweupe, bila rangi nyingine, na chini ya kidevu alikuwa na kivuli cha mistari iliyokatizana, kwa sababu ndivyo Kwaruzo alivyochora vivuli. Ukimtazama kwa mbele alikuwa Bonge yuleyule, mtu wa kujaza mlango. Akigeuka ubavu alikuwa mstari mmoja, na ulipaswa kujua yuko wapi ili umwone.

Kwaruzo alikuwa na miaka hamsini na minne. Jina alilipata akiwa na ishirini na miwili, alipokuwa anapiga gitaa na kuimba katika bendi ya panki ya watu watatu. Wakati ule watu walijua panki ni mtindo wa nywele. Walipoambiwa kuna na muziki wake, walisema nywele zilitosha. Nyimbo zao zilikuwa za dakika moja na nusu. Kwaruzo aliimba kama mtu anayeburuta bati kwenye saruji, mpiga besi alitazama viatu vyake, na Bonge alipiga ngoma kana kwamba kuna mtu amefungiwa ndani yake na lazima atolewe. Mpiga besi siku hizi ni fundi wa majokofu na hapendi kuulizwa.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, katika ukumbi uliokuwa na jukwaa la mbao na ngazi pana mbele. Baada ya wimbo wa pili, Mwenye Ukumbi alitoa ishara kwamba inatosha. Kwaruzo akaacha, mpiga besi akaacha. Bonge hakuacha. Bonge akishaingia katikati ya wimbo alikuwa hatoki mpaka upande wa pili, hata mama yake alishindwa. Mabaunsa wanne wakambeba na kiti chake mpaka chumba cha nyuma, palipokuwa na makreti ya bia. Kwaruzo alifuata, akaona yote kutoka mlangoni. Walipomaliza, walimlaza chini ya ngazi za mbele na kummwagia bia kwenye shati.

Asubuhi yake alikuja mtu na karatasi iliyokwishapigwa chapa. Ilisema kijana alilewa, akateleza, akaanguka. Palihitajika shahidi. Mtu yule alisema kwa upole kwamba bendi ilikuwa na watu watatu, sasa ina wawili, na yeye asingependa hesabu iendelee kushuka. Kwaruzo akatia saini.

Tangu siku hiyo makalio yake hayakupata kiti. Alihama nyumba mara kumi na tisa. Aliendelea na bendi miezi sita, kiti cha ngoma kikiwa wazi jukwaani, akipiga mayowe yasiyo na maneno, mpaka sauti ikakatika na haikurudi. Akaenda kwenye sanaa ya video. Aliazima kamera, akaenda kupiga picha zile ngazi, kwa sababu zilikuwa ngazi kumi na moja, fupi na pana, ambazo hata kikongwe mwenye goti bovu alizishuka huku akipiga soga. Alitaka kila mwenye macho aone kwamba hapa hawezi kufa mtu. Kanda zilikuwa adimu. Alikuwa na moja tu, ile ya onyesho la Jumamosi, ambayo binamu wa mpiga besi aliirekodi bila kuzima kamera hata pale watu walipokimbilia chumba cha nyuma. Kwaruzo akarekodi ngazi juu yake, saa tatu mfululizo. Akawa ameonyesha mahali ambapo Bonge hakufia, na kufuta mahali alipofia. Alilitambua hilo wiki iliyofuata, akiwa anakata vitunguu.

Ile video ilisafiri nchi nyingi kuliko yeye. Watu walikaa mbele yake kwenye mabenchi, wakaandika kwamba inahusu utupu. Ilihusu ngazi.

Baadaye akaingia katuni. Kila wiki, ukurasa mmoja gazetini, kisa cha bendi ya watu watatu. Miaka minane aliizungukazunguka ile Jumamosi kama paka anavyozunguka maji, na wiki ile alipoifikia hatimaye, mkono ulichora kilekile ulichokitilia saini.

"Sikuanguka," Bonge akasema pale kwenye sinki.

"Najua."

"Basi mbona naanguka? Tangu jana ulipopiga penseli mimi ni kuanguka tu. Kichwa kinauma."

"Nimekosea."

"Chora ilivyokuwa."

"Gazeti linafunga saa kumi, Bonge."

"Mimi nimesubiri miaka thelathini na miwili. Saa kumi ndiyo nini?"

Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini Mhariri alikuwa mtu wa saa, na visanduku viwili vilikuwa bado. Kwaruzo akavimalizia, akapiga rula, akaupeleka ukurasa ulivyo. Mhariri aliuinua mbele ya dirisha.

"Hapa pamepungua mtu."

"Ametoka."

Mhariri akageuza macho kwa Bonge, ambaye alikuwa ameegemea mashine ya kudurufu akisoma tangazo la zamani. Akamtazama kwa mbele, akamtazama kwa ubavu.

"Nilikwambia ufunge visanduku kwanza," akasema, na akaupeleka ukurasa mtamboni.

Wiki iliyofuata Kwaruzo alichora ilivyokuwa. Bonge alikaa mbele yake kila siku kuanzia asubuhi, akimsahihisha. Baunsa wa pili alikuwa na pete. Wa nne alikuwa analia na kupiga, kupiga na kulia. Mwenye Ukumbi hakugusa mtu. Alisimama na kuuzuia mlango kwa mguu usijifunge, amevaa viatu vya rangi mbili. Kwaruzo alichora mpaka vidole vikafa ganzi. Katika kisanduku cha mwisho alijichora yeye mwenyewe, ana miaka ishirini na miwili, anatia saini. Pua aliifanya ileile yake, hakuipunguza.

"Hapo utajulikana," Bonge akasema.

"Nijulikane."

Ukurasa ukatoka Ijumaa. Kwaruzo alikaa siku mbili karibu na mlango, amevaa viatu, akisubiri kukamatwa, au kupigwa, au kushukuriwa, lolote. Zikaja barua kumi na moja. Tisa zilisifu vivuli. Moja iliuliza nibu zile zinapatikana wapi. Moja ilitoka kwa mzee aliyefanya kazi ya ghala, naye alitaka kumkumbusha msanii kwamba makreti ya bia ya miaka ile hayakuwa na mashimo ya kushikia upande mfupi.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Mwenye Ukumbi, ambaye sasa watu wote walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa mambo mengi.

"Umenichora mnene," akasema.

"Ulikuwa mnene."

"Si hivyo. Lakini viatu umevipatia, lazima niseme. Vile viatu nilivipenda." Akakohoa kidogo. "Nimeukata ukurasa, nimeuwekea fremu. Siku ukipita, uje uutie sahihi."

Hakuwa na hasira hata chembe. Kwaruzo alipokata simu aliizunguka meza ya jikoni, akaizunguka tena, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Alikuwa ameimba, hawakusikia. Alikuwa amerekodi, wakaona utupu. Sasa alikuwa amechora mtu kwa mtu na ngumi kwa ngumi, na wote walikuwa wameelewa vizuri kabisa.

"Acha kuzunguka, unanitia kizunguzungu," Bonge akasema. "Sasa twende kwa mama."

Kwaruzo alikuwa hajaenda kwa Mama Bonge tangu mazishi. Zilikuwa nyumba kumi na tisa, na zote alizichagua mbali na mtaa ule. Alitafuta sababu ya kuahirisha na akaipata: manyunyu yalikuwa yanaanguka, na wino na maji si ndugu. Bonge akaingia mwenyewe ndani ya lile bomba la plastiki la kubebea michoro, akajikunja. "Funika," akasema.

Mama Bonge alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka sabini na minane yake alikuwa bado anashona mashati ya sare za shule sebuleni kwake, kola baada ya kola. Kwaruzo akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Bonge hakuacha kukanyaga cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi kwa meno. "Mtu akila kwangu miaka miwili, halafu akapotea thelathini, nisemeje? Nimwekee chakula kipoe? Ingia."

Kwaruzo akaingia, akafungua bomba. Bonge akatoka kwa ubavu, kama karatasi inavyotolewa, akasimama katikati ya mabaki ya vitambaa. Mama yake akavuta miwani mpaka ncha ya pua, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema.

Bonge akageuka kwa mbele.

"Aa. Ni upande tu." Akamgusa bega kwa kidole, akatazama kidole kilivyochafuka, akakipangusa kwenye kanga. "Na umejikunja vibaya. Lala hapo mezani."

Akawasha pasi, akalowanisha kitambaa, akakikamua, akamtandikia juu.

"Mama, usije ukamfuta," Kwaruzo akasema.

"Nilianza kupiga pasi hujazaliwa. Usinifundishe kazi." Akampiga pasi mwanawe polepole, kuanzia kifuani, akizunguka uso. Bonge alifumba macho. Kwaruzo alikaa, akasimama, akakaa tena, akasema alichokuja kukisema.

"Mama, ile karatasi. Mimi ndiye niliyetia saini."

"Najua. Jina lako liko pale. Nalisoma kila mwaka."

"Nilisema uongo."

Pasi ikasimama kidogo, ikaendelea. "Unajua kwa nini niliamini? Walipokuja kuniambia mwanangu alikuwa mlevi nilisema si kweli, huyu hata soda humtia usingizi. Wakanionyesha jina lako. Nikasema, ah, kama ni yule mtoto ndiye aliyesema, basi ndivyo. Yule anakula kwangu." Akageuza kitambaa. "Miaka yote hii majirani wakinipa pole huniuliza na pombe alianza lini. Nikawajibu. Nilibuni mpaka mwaka."

Kwaruzo alibaki amekaa, hakusimama tena.

Mama Bonge akaizima pasi, akaenda kabatini, akarudi na kopo la biskuti. Chini ya vifungo na zipu palikuwa na cheti cha kifo, kimekunjwa mara nne. Akakisoma bila kukitazama: chanzo, kuanguka ngazini akiwa amelewa.

"Mimi sitaki mtu afungwe," akasema. "Wameshazeeka, watafia huko watusumbue na misiba. Mimi nataka hapa pasomeke ilivyokuwa. Neno moja: alipigwa. Wewe ulisaidia kuandika, utasaidia kufuta. Tunakwenda wote watatu."

Wakaenda Jumatatu iliyofuata. Ofisi ya vyeti ilikuwa na madirisha sita, mabenchi manne na mafeni mawili ya dari. Walishika nafasi, wakasogea benchi kwa benchi mpaka dirisha la tano, alipokuwa karani mwenye shati lililonyooka na muhuri mkononi. Alikisoma cheti mbele na nyuma, akainua macho.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye," Mama Bonge akasema.

"Ana kitambulisho?"

Mama Bonge akakitoa kwenye kopo. Karani akalinganisha picha na sura, akamwomba Bonge asogee kwenye mwanga, akamwomba ageuke. "Geuka tena. Hapo umepotea. Ndiyo, hapo." Akarudisha kitambulisho. "Sura inalingana. Haya, shida ni nini?"

"Sikuanguka," Bonge akasema. "Nilipigwa."

"Pole. Lakini wewe huwezi kutoa ushahidi katika faili hili. Una maslahi."

"Na mimi?" Kwaruzo akauliza. "Shahidi ni mimi. Jina hilo hapo ni langu. Nilisema uongo."

Karani akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimpendeza. "Kama ulisema uongo, wewe si shahidi wa kuaminika, na siwezi kupokea neno lako la leo. Kama hukusema uongo, basi hakuna cha kubadilisha."

"Sasa anayeweza ni nani?" Mama Bonge akauliza.

"Mwenye jengo. Kifo cha ndani ya jengo, mwenye jengo anaweza kuomba marekebisho." Akavuta karatasi kutoka rafu ya chini. "Fomu namba saba. Asaini hapa na hapa, mniletee. Na mwambieni marehemu asikae chini ya feni."

Ule ukumbi sasa ulikuwa Taasisi ya Sanaa. Jukwaa lilikuwa limeng'olewa na kuta zimepakwa rangi nyeupe. Chumba cha makreti kilikuwa ofisi ya Mwenyekiti, na kwenye ukuta, nyuma ya kiti chake, ulitundikwa ukurasa wa Kwaruzo ndani ya fremu nyeusi, kwa hiyo mtu aliyekaa kumsikiliza Mwenyekiti alimwona mara mbili. Mwenyewe alikuwa amepungua mwili. Aliagiza chai, akamvutia Mama Bonge kiti, kisha akampa Bonge mkono na kuuangalia kwa makini ili asiukunje.

"Kijana," akasema, "pole sana kwa ile siku."

"Asante," Bonge akasema, maana alilelewa vizuri.

Mama Bonge hakugusa chai. "Wewe ndiye uliyewatuma?"

"Ni mimi, mama. Niliwaambia wamtulize. Wakazidisha."

"Na pombe?"

"Ile nilisema mimi wammwagie. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

Basi, neno lenyewe lilikuwa limesemwa. Miaka thelathini na miwili, na lilitoka kinywani kwa urahisi wa mtu anayeelekeza njia. Kwaruzo alitazama pembeni, kwenye sakafu kati ya meza na kabati, mahali penyewe. Paliwekwa mmea ndani ya chungu.

"Basi tia saini," Mama Bonge akasema, akaisukuma fomu.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini. "Hapa panataka mwenye jengo," akasema kwa masikitiko. "Jengo siku hizi si langu. Nililitoa kwa Taasisi. Mimi ni mwenyekiti wake tu."

"Basi Taasisi isaini."

"Ingesaini, mama, mimi mwenyewe ningeishikia kalamu. Lakini Taasisi ina miaka kumi na mitano. Haiwezi kushuhudia jambo lililotokea haijazaliwa. Wanasheria watacheka."

"Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, lakini fomu haina mahali pa aliyekuwepo." Akamwonyesha, na kweli hapakuwa napo. "Ningekuwa bado mwenye jengo, ningesaini sasa hivi. Hilo nakuapia."

Hakuwa anadanganya. Kwaruzo aliuona uso wake kwa jicho la mtu aliyeuchora wiki nzima, na haukuwa na mstari wa uongo. Hilo lilimwasha mwili mzima kama upupu.

Bonge alikuwa amesimama mbele ya kabati la kioo kando ya mlango. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, vilikuwapo vijiti vyake viwili vya ngoma, kimoja kimekatika ncha, na kadi iliyosema ni vya mwanamuziki wa awali wa panki aliyefariki kwa ajali.

"Hivi ni vyangu," akasema. "Naweza kuvichukua?"

"Vimesajiliwa," Mwenyekiti akasema. "Lakini njoo uvitazame wakati wowote. Kwako kuingia ni bure."

Mama Bonge akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye kopo pamoja na cheti. Mlangoni akageuka. "Mwanangu hajawahi kulewa," akasema.

"Najua, mama," Mwenyekiti akasema. "Watu wote wanajua."

Tangu hapo wanakwenda ofisi ya vyeti kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, maana karani alisema huenda fomu ikabadilishwa, na Mama Bonge si mtu wa kuachia mshono katikati. Bonge anakaa kwa mama yake. Anashika pindo za shati zisiteleze, ananyooshwa kila Jumapili, na wateja wamemzoea. Wanamwuliza habari za huko alikotoka, naye huwaambia ilikuwa ni kuanguka tu. Kwaruzo huwafuata asubuhi na kulibeba bomba. Katuni ameiacha. Alimwambia Mhariri kwamba hana kisa kingine, na Mhariri akaijaza nafasi ile kwa fumbo la maneno. Amejaribu kuchonga, akaacha. Amejaribu kufuma. Siku nyingine huamka na kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, na jioni kukirudisha.

Mwezi huu foleni ilikuwa ndefu. Watu wa benchi la kwanza walisogea bila kuambiwa ili Bonge akae mbali na feni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga alimwuliza Mama Bonge kama kijana wake anaogopa jua, akajibiwa jua si tatizo, tatizo ni jasho la watu wengine. Karani wa dirisha la tano aliwaona kutoka mbali, akainua mkono.

Wakasubiri. Bonge hajui kusubiri kimya. Akaanza kugonga ubao wa benchi kwa vidole vya wino, taratibu, halafu si taratibu. Karani wa dirisha la kwanza alikuwa anapiga muhuri rundo la vyeti vya kuzaliwa, na bila kutazama mtu, mkono wake ukaingia kwenye pigo la Bonge. Wa pili akaingia nyuma yake. Punde mihuri ya madirisha yote sita ikawa inagonga pamoja, kwa kasi, kama wimbo wa dakika moja na nusu, na foleni ikaenda mbio kuliko ilivyowahi kwenda. Waliozaliwa wakapata vyeti, waliooana wakapata, waliofiwa wakapata. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa kulifuata pigo.

Walifika dirishani pigo likiwa bado linaendelea. Karani akaipokea fomu namba saba, akageuza ukurasa, akatafuta saini ya mwenye jengo, hakuiona. Akatabasamu kwa huruma. Muhuri ukashuka palepale ulipotakiwa kushuka, haukuchelewa hata nukta: Haijakamilika.

"Mwezi ujao, mama," akasema.

"Mwezi ujao, baba," Mama Bonge akasema, akafungua kopo.

Kwaruzo alikuwa nyuma yao. Kitu kilimpanda kooni, kikavu, chenye makali ya bati, kitu ambacho hakukisikia tangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Akafungua mdomo. Mlinzi wa mlangoni, kijana mpole, akamgusa kiwiko.

"Mama, kama umeshahudumiwa, naomba upishe wengine."

Nyuma yake kulikuwa na watu, kila mmoja na karatasi yake. Kwaruzo akapisha.